Naomba ushauri: kutunza lenzi na kuomba kibali cha picha nikiwa mlinzi wa moto msituni

Ndugu zangu, mimi ni mpiga picha wa mazingira asilia, na sasa nimeajiriwa kuangalia moto kutoka kwenye mnara katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka na wakulima huchoma mashamba, hivyo wajibu wangu ni kuuona moshi mapema, kupima uelekeo wake kwa dira na kutoa taarifa kwa redio kabla moto haujaingia kwenye misindano. Mwanga mzuri wa picha huja alfajiri na jioni, ilhali moto hushika kasi zaidi mchana, na zamu sitaiacha kwa ajili ya picha yoyote.

Kinachonisumbua ni lenzi: baridi na ukungu wa Julai huzitia unyevu hadi ndani, nami nahofia zitaota kuvu. Je, mfuko usiopitisha hewa wenye chembe za silika, zile zinazofyonza unyevu, unatosha mahali pasipo na umeme? Na kibali cha kuuza picha nilizopiga kazini kiombwe kwa meneja wa shamba, au makao makuu ya Wakala wa Huduma za Misitu? Nitashukuru hasa kusikia kutoka kwa waliowahi kufanya kazi minarani.