Muungwana: mwenyeji wa mji au mtu mwenye adabu?

Wadau, naomba tulijadili hili neno. Juzi msibani mzee mmoja alimsifu marehemu: "Alikuwa muungwana." Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Muungwana wa wapi? Babu yake kaja na jahazi juzi tu." Wote wawili walisema Kiswahili fasaha.

Kwa maana ya leo, muungwana hukubali akishindwa na hulipa deni bila kufuatwa. Ila katika miji ya pwani, Lamu hasa, neno lilitaja hadhi kabla ya tabia. Muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye nyumba ya mawe. Mgeni asiye wa karibu alipokelewa dakani, yaani kibarazani penye mlango, ndani hafiki. Kinyume chake hakuwa mtovu wa adabu, alikuwa mtumwa. Isikilizeni methali: "Ada ya mja kunena, muungwana ni kitendo." Mja huyo ni nani? Mimi nasema maana hiyo isifichwe darasani.

— Mkuu, mja si yule anayekuja? Tanga wanasema "waja leo waondoka leo". Basi methali inapambanisha mgeni na mwenyeji, utumwa umeuleta wewe.

— Unafukua makaburi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Neno nalo likaachwa huru. Mwanangu akirudisha simu aliyookota namwita muungwana, simuulizi ukoo.

— Neno halikungoja sheria. Karne ya 19 wapagazi wa misafara, wengine wao watumwa, wakifika Manyema, mashariki mwa Kongo, walijiita waungwana: wametoka pwani, wamevaa kanzu, wanasema Kiswahili. Kingwana, Kiswahili cha Kongo, kimepata jina hapo. Wenye mji hawakuwahi kulifungia ndani.

Mleta mada tena. Aliyetaja Tanga, maana hiyo ipo, siikatai. Lakini tunaposema "mja wa Mungu" hatumaanishi mgeni wa Mungu. Ni mtumwa wake, na ndiyo maana ninayoisikia kwenye methali. Hoja ya Manyema ni nzito, naipokea. Hata hivyo, yule mpagazi alijiita hivyo kule bara kwa sababu mjini kwa bwana wake asingethubutu. Alijua neno lina mlango. Na yule mnong'onaji wa msibani anaujua hadi leo. Ukimuuliza neno lina maana gani atakwambia ni adabu tu.