Napanga Nakuru, nijenge bedsita Njoro ama nyumba ya kuishi?

Mpangaji58: Habari zenu wadau. Mimi na mama watoto tunapanga bedrumu mbili Section 58 hapa Nakuru, 18,000 kwa mwezi. Tuko na ploti ya hamsini kwa mia Njoro, karibu na chuo cha Egerton, na sako wako tayari kunipa mkopo. Naona nijenge bedsita 6, zile za chumba kimoja, za wanafunzi, kila moja 5,000, hiyo 30,000 inabeba mkopo na inabaki kitu ya kusaidia kodi yangu huku. Lakini mzee wangu Kakamega kila nikimpigia ananiuliza, mwanangu utalala nyumba ya wenyewe mpaka lini, na hilo neno linaniuma sana. Mngefanya nini?

Mama Keja Maseno: Kaka, kupanga si aibu. Mimi napanga Migosi, Kisumu, kwa sababu kazi iko hapa, na vyumba vyangu viko Maseno. Shida ni hesabu yako, umeipiga miezi 12 na wanafunzi hawakai miezi 12. Mwaka wangu wa kwanza walifunga likizo ndefu, nikaenda siku moja nikakuta milango 6 makufuli 4, chumba kimoja walikiacha wazi kipande cha sabuni kimekaukia kwa sinki, na yule mmoja aliyebaki ananiambia mama mimi pia nahama wikendi. Sako wakakata mshahara wangu kama kawaida. Wewe piga miezi 8.

Fundi wa Lanet: Na ushuru je? Vyumba vikijaa ni 360,000 kwa mwaka, ukipita 288,000 KRA, wale wa ushuru, wanataka asilimia 7.5 ya kodi yote, yaani 2,250 kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hawakutolei gharama ya simiti wala riba ya mkopo. Halafu usichimbe kisima bila kupima floraidi, huku Bonde la Ufa maji mengi ya chini yako nayo, ndio unaona meno ya watoto yamekuwa kahawia. Ndugu yangu, jenga 3 nyuma ya ploti, mbele uache nafasi ya nyumba yako.

Mpangaji58: Dada, tumepiga hiyo ya miezi 8 sasa hivi na mama watoto, inakuja 20,000 kwa mwezi na mkopo peke yake ni 24,000. Aki asanteni. Tunaanza na 3, Jumamosi naenda Njoro na fundi tupigilie vigingi vya nyumba ya mbele, nimpigie mzee nikiwa hapo hapo kwa ploti.