Bima wamenikata fidia ya gari: nianzie TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima) au kwa Msuluhishi?

Habari wakuu, naomba ushauri.

Nina Noah yenye bima kubwa. Mwezi wa tatu iligongwa na fuso pale Chalinze, ubavu wote wa kushoto ukaingia ndani. Ripoti ya trafiki ninayo, makadirio ya gereji ni milioni 5.2. Kampuni ya bima inataka kunilipa milioni 2.9, eti "uchakavu". Nimeisoma polisi yangu (mkataba wa bima) mstari kwa mstari, kipengele cha uchakavu kinataja matairi na betri tu. Mlango nao ni tairi?

Stika nimeihakiki kwenye mfumo wa TIRA, iko hai. Barua ya malalamiko niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ina muhuri wa mapokezi. Wiki ya sita hii, kimya. Wakala kila nikimpigia ni "vuta subira kaka".

Najua Sheria ya Bima ya 2009 ndiyo iliyounda TIRA kusimamia kampuni hizi, na ikaweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Kwa aliyewahi kupita huko: kwa mgogoro wa kiasi cha fidia kama huu, mlango wa kwanza ni upi? Na wamenipa fomu ya kukubali malipo, imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho". Nikiisaini nichukue hizo 2.9 gari litoke gereji, bado naweza kudai zilizobaki?

Bado sijasaini.