Naomba ushauri: jikoni kwetu hakuishi uvundo ijapokuwa ninasafisha kila siku

Mama Wanne
Ndugu zangu, habari zenu. Tuko sita nyumbani, na jikoni kwetu hakupumziki tangu alfajiri hadi usiku. Vyombo ninaviosha kila siku na sakafu ninaipiga deki kila jioni, lakini asubuhi nikifungua mlango ninapokewa na uvundo, na milango ya kabati inanata mkononi. Nilinyunyiza manukato, yakadumu nusu saa, kisha uvundo ukarudi ukiwa umechanganyika nayo. Naomba mbinu zisizozidi dakika 15 kwa siku, kwa kuwa muda wenyewe ndio huo.

Bibi Mzaa Mama
Pole, mwanangu. Kabla hujanunua chochote, chukua kitambaa cha kufutia meza pamoja na sponji, uvinuse. Kitambaa kilicholowa kikiachwa kimekunjamana kando ya sinki usiku kucha, bakteria huzaliana humo, na kila unapofuta meza unaipaka harufu ileile uliyokusudia kuiondoa. Kichemshe kwa dakika chache, ukikamue, kisha ukitandaze mahali penye hewa. Mimi huwa na vitambaa kadhaa vya kubadilisha, hivyo hakuna kinacholala kibichi.

Fundi Bomba
Naongezea la sinki. Chini yake pana bomba lililopinda, na maji yanayotuama hapo ndiyo yanayozuia hewa ya maji taka isipande. Mafuta yakigandia humo hunasa mabaki ya chakula, nayo huoza polepole. Pangusa mafuta ya sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na usiku mimina maji ya moto kiasi yenye sabuni. Tafadhali sana, usichanganye dawa ya klorini na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Msafi
Kunata kwa kabati kunatokana na mvuke wa mafuta, ambao hutua kila mahali, vumbi likaushika. Fungua dirisha kabla ya kuinjika sufuria, wala usingoje hadi harufu ienee, na ukiweza fungua pia mlango unaoelekeana nalo ili hewa ipite. Milango ifute kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha uikaushe. Manukato yaache kwanza, dada yangu. Yanaficha tu kilichooza.

Mama Wanne
Nawashukuru nyote. Bibi, shikamoo, nilipokiinua kile kitambaa nilikuta ubao chini yake umelainika na kufanya weusi, nami kwa miezi nimekuwa nikilaumu pipa la taka. Nimekichemsha, sponji nimeitupa, na asubuhi hii ya tatu nimefungua mlango bila kukunja uso. Kabati nimefuta milango minne. Juu yake sijapanda, ila kidole nilichopitisha kilirudi na utando wa rangi ya kahawia, kwa hiyo Jumamosi nitaazima ngazi.