Injini ya Celica ya marehemu Baba

*Kikundi cha familia, Lubumbashi. Jumatano jioni.*

Yaya (mtoto mkubwa): Jambo yenu wote. Injini ya Toyota ya aina ya 3T imefika leo kutoka Kasumbalesa, na Jumamosi ninataka tuitoe ile ya 2T iliyo katika Celica, gari la Baba, hapa uani kwetu Katuba. Ya zamani ina sentimita za ujazo 1588, mpya ina 1770, na kwa kuwa ni za ukoo mmoja, giaboksi itabaki ile ile. Tawi la mwembe litashika mnyororo.

Mjomba: Mpwa wangu, mwembe hapana. Tawi huonekana zima kwa nje ilhali mchwa wamekwisha kulila ndani, na chuma cha zaidi ya kilo 100 hakitoi onyo kabla ya kuanguka. Nitaleta miguu mitatu ya bomba nene pamoja na winchi ya mnyororo. Wewe tafuta mbao za kuweka chini ya kila mguu, maana udongo wa uani utadidimia. Mtu asiingize mkono chini ya injini inayoning'inia, hata kama ni kuokota nati.

Mama: Watoto nitawapeleka kwa jirani tangu asubuhi.

Yaya: Asante, Mjomba. Je, klachi ya zamani irudishwe? Bado inashika vizuri.

Mjomba: Usiirudishe. Injini ikiwa nje, sahani ya klachi, beringi yake na sili ya nyuma ya krenkishafti vinafikiwa kwa mkono. Ikisharudi ndani, sili inayovuja itakulazimisha kurudia kazi yote. Sahani mpya uiweke katikati kabisa kwa kutumia shafti ya giaboksi mbovu, kwa sababu ikipinda kidogo tu, injini itakataa kuingia. Hapo ndipo vijana wengi huharibu: wanaona pengo la kidole kati ya injini na giaboksi, wanalivuta kwa kukaza bolti, na masikio ya giaboksi yanapasuka. Injini iliyokaa sawa huingia kwa kusukumwa na mikono. Isipoingia, irudishe nyuma utazame. Na giaboksi iwekewe jeki wakati wote, isining'inie yenyewe.

Dada: Umeme ukikatika?

Yaya: Tutafanya kazi mchana tu, na winchi ni ya mkono. Betri nitaifungua kwanza, kisha nimwage maji na oili, nitoe boneti na redieta.

Mama: Nina neno moja. Injini ya zamani isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Baba yenu aliisikiliza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na ningependa ibaki nyumbani.

Mjomba: Itabaki, dada yangu. Tutatia oili kidogo katika kila silinda, tuizungushe kwa mkono, tuzibe matundu yote na kuifunika ghalani, juu ya mbao, isiguse sakafu.

Yaya: Nimekubali, Mama.

Mjomba: Siku ya kuwasha, usikimbilie ufunguo. Toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka shinikizo la oili lionekane kwenye saa yake, ndipo urudishe plagi, na nyaya zifuate mpangilio wa kuwaka kwa silinda, yaani 1-3-4-2.

Yaya: Nimeuandika mpangilio huo kwa chaki ukutani. Saa kumi na mbili asubuhi geti litakuwa wazi.