Chunusi zimeisha lakini makovu hayatoki, nifanyeje?

binti_malindi: Asalam alaykum jamani. Chunusi zenyewe ziliisha mwaka jana alhamdulillahi lakini zimeniwachia madoa meusi na kwenye mashavu vishimo vishimo kama nimetobolewa sindano. Nishapaka liwa, nishapaka ndimu na asali, juzi nikauziwa krimu ya kopo haina hata maandishi, wiki mbili uso ukawa mweupe halafu nikitoka juani unachoma kama moto. Vishimo viko vilevile. Aliyepona alifanya nini?

wa_kemisti: Waalaykum salaam. Hiyo krimu iwache leo leo dadangu nakusihi. Hizo zisizo na maandishi nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, dawa ya kuchubua ngozi, na kwa vipodozi Kenya vyote viwili ni marufuku, au ina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe inayofanya ngozi iwe nyembamba. Ukiiwacha uso ukafura ama vipele vikarudi nenda hospitali. Ndimu na jua la huku ndo kabisaa, inaunguza inazidisha weusi.
Doa na shimo si kitu kimoja. Doa ni rangi tu, hufifia polepole, miezi kadhaa hata mwaka, ila upake mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga SPF 30 kwenda juu kila asubuhi, usiku adapalini, dawa ya kupaka ya chunusi na madoa, kiasi cha punje ya njegere uso mzima, mwanzo siku moja paka siku moja ruka maana inakausha. Kama una mimba au unatafuta usiiguse, uliza krimu ya asidi ya azelaiki badala yake. Shimo hakuna krimu ya kulijaza.

mlamu_wa_langoni: Mie mashimo nilikuwa nayo wallahi nikiona hata haya kukaa na wenzangu. Nilienda Mombasa kwa daktari wa ngozi akanifanyia ile ya sindano ndogo ndogo wanaita maikronidling, mara 4, kila baada ya wiki 5 hivi, wanakupaka ganzi kwanza, siku tatu uso unavuta nikarudi na basi nimevaa ninja, ile nikabu ya kufunika uso, kwa vumbi na jua. Yale mapana yamepanda vizuri, hayakuisha yote. Yale membamba ya ndani aliyatia TCA, asidi kali ya daktari, kimoja kimoja kwa kijiti. Aliniuliza kwanza kama nina keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, na leza, ile ya mwanga mkali, akaniambia asikufanyie asiyezoea ngozi nyeusi, itakuachia madoa mapya. Ile rola ya sindano ya kujichoma nyumbani usinunue.

binti_malindi: Krimu nishaitupa. Adapalini nianze sasa ama mpaka nimuone daktari? Na liwa niwache?

wa_kemisti: Ngoja kwanza uso utulie usichome tena, halafu anza, ila mwambie daktari, huenda akataka uisimamishe siku chache kabla ya sindano. Liwa kama haikuwashi paka tu mamangu.