Nyumba ya kupanga Jambiani, mita 80 kutoka baharini: nikague nini kabla ya kulipa?

Mkenya_wa_Kompyuta

Hamjambo wadau. Ninatoka Nairobi, kazi yangu yote ni ya mtandaoni na mwajiri yuko Kenya. Kuanzia Juni nataka kukaa Jambiani, Unguja, mwaka mzima. Nyumba niliyoonyeshwa ina vyumba viwili, paa la makuti, kisima chake mwenyewe na simtanki la lita 1000 juu ya mnara wa kama mita tatu. Bahari iko mita 80 hivi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nitafika kuiona mwisho wa Mei, siku mbili tu.

Naomba mnaoijua pwani ile mnieleze: maji, stima, kutu, na makaratasi. Habari za mahali pazuri pa kula pweza tuziweke kando kwa sasa.

FundiKoki

Karibu. Kwanza ujue kwamba mwisho wa Mei ndio wakati mbaya kuliko yote wa kukagua kisima. Masika imetoka kunyesha, kila kisima cha upande ule kinaonekana kitamu.

Sababu ni hii. Ardhi ya kule ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji ya mvua yanayoingia chini yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Baada ya masika tabaka la maji matamu ni nene. Ikifika Februari, kaskazi imekausha na wageni wamejaa, kila mtu anavuta, tabaka linakuwa jembamba na chumvi inapanda. Kisima kilekile sabuni haitoi povu.

Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba kama maji ni mazuri. Nenda nyumba ya pili au ya tatu, toa salamu, ukae kidogo, kisha uulize: "Februari mnachota wapi maji ya kupikia?" Wakikutajia bomba la ZAWA (mamlaka ya maji ya Zanzibar) au gari la maji, umeshapata jibu la kisima chako.

Nunua pia kile kipima chumvi kidogo mfano wa kalamu. Kisome kwa ppm: chini ya 500 ni maji mazuri. Kwenye 1000 ulimi unaanza kuhisi. Yakipita 2000 ni ya choo na kuoshea baraza tu. Ukikuta 900 mwezi wa Mei, kimbia, maana hayatashuka.

Kisha tazama mota. Watu wanadhani mota kubwa ni neema, kumbe kisimani pwani ni hasara: ukivuta kwa nguvu, maji matamu yanashuka na ya chumvi yanapanda kujaza nafasi, na hayarudi chini upesi. Mota ya nusu hospawa inatosha, na tanki lijazwe kwa awamu mbili, asubuhi na jioni, badala ya mara moja. Mdomo wa bomba la kuvutia usiwe karibu na sakafu ya kisima. Mita moja juu ya sakafu ni kiasi kizuri. Chini ya hapo unavuta mchanga na yale maji mazito.

Mnara wa mita tatu unakupa presha ya kama 0.3 baa. Kuoga kwa bomba kutawezekana, ila ile hita ya bafuni inayochemsha papo kwa papo itasumbua: ama haiwaki, ama inawaka huku maji ni kidogo na koili inaungua. Kama kuna hita ya namna hiyo, ifungue mbele ya mwenye nyumba, subiri dakika tano.

Kusafisha tanki kabla ya kuhamia: toa maji yote, sugua kwa brashi bila sabuni, jaza, mimina lita moja na nusu ya Jik ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Fungua kila koki mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha ilale usiku kucha, kisha mwaga nje, kidogo kidogo. Usiyapeleke yote kwenye karo (shimo la maji machafu ya choo), klorini itaua vijidudu vinavyoozesha uchafu na karo litajaa kabla ya wakati. Baada ya hapo, mililita 140 kwa tanki la lita 1000 zinatosha kila ukijaza, ikiwa maji ni maangavu.

Na hili wageni wengi hulikosea: klorini haiondoi chumvi. Kuchemsha ndio kabisa, maji yanapungua na chumvi inabaki. Ya kunywa nunua madumu.

Makuti_na_Boriti

Nakubaliana na fundi kwa maji. Naongeza karo. Uliza lilipo, pima kwa hatua mpaka kisimani. Mita 30 ndio angalau, na kwenye jiwe lile lenye matundu hata hizo si dhamana, kwa hiyo hakikisha pia karo la jirani halipo upande wa juu wa kisima chako.

Makuti: ingia ndani saa sita mchana, zima taa, inua macho. Nukta moja moja za mwanga si neno. Ukiona mstari wa mwanga unaofuata fito, makuti yamechoka. Angalia na mwinuko wa paa. Chini ya nyuzi 45 maji hayateremki upesi, yanalala kwenye makuti, yanaoza, na mvua za vuli zitakukuta na ndoo katikati ya sebule. Uliza yalibadilishwa mwaka gani na uandike kwenye mkataba nani atalipa yakivuja, kwa sababu makuti si bati, ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Chini ya makuti weka neti juu ya kitanda hata kama madirisha yana nyavu, maana unga wa makuti na mavi ya mijusi huanguka usiku na mchana. Chandarua kinakinga mbu wa usiku tu. Mbu wa dengi anauma mchana, na anazaliana kwenye maji yaliyotuama: mfuniko wa simtanki, bomba la kufurikia (livishe wavu), vifuu vya nazi nyuma ya nyumba.

Kutu. Kwa mita 80 kutoka baharini, usinunue skurubu ya kawaida hata kwa kutundikia picha. Stenles zipo za aina mbili madukani: 304 itapata madoa, 316 inavumilia zaidi. Bawaba na vitasa vipanguse kwa kitambaa chenye maji matamu kila wiki. Nasisitiza matamu, maana kuna watu wanafuta chumvi kwa maji ya kisima cha chumvi, halafu wanalaumu bahari. Kufuli usitie mafuta ya kupikia, yanashika mchanga na ufunguo unakatikia ndani. Tumia unga wa penseli.

Mtungi wa gesi uweke juu ya ubao, si juu ya saruji yenye unyevu. Kwa faida yako Mkenya: huku mitungi ya nyumbani ni kilo 6 na 15, ule wako wa kilo 13 uache Nairobi. Plagi ni zilezile za pini tatu.

Mkenya_wa_Kompyuta

Asanteni sana, hii ya kumuuliza jirani habari za Februari sikuifikiria kabisa. Upande wa stima je? Nina mikutano ya video kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Nahitaji laptopu, ruta na feni viwake bila kukatika.

Waya_Mwekundu

Umeme wa huku unauzwa na ZECO, mita ni za TUKUZA. Usiende kununua LUKU, hiyo ni ya Tanesco ya bara. Kabla ya kulipa kodi nunua umeme wa shilingi elfu mbili kwa namba ya mita ile na uuingize mwenyewe. Kama mita ina deni la mpangaji aliyetoka, utaona uniti zimepungua kuliko malipo yako. Hakikisha pia mita si ya nyumba mbili.

Tatizo kubwa la saa za jioni si kukatika, ni kupungua. Saa moja mpaka saa nne usiku volti zinaweza kushuka, friji inanguruma bila kuanza, kompresa inaungua. Weka friji gadi yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano umeme ukirudi. Muda huo ni wa kuacha gesi ya friji itulie. Kompresa ikianza huku upande mmoja bado una presha, ndipo inapokufa.

Mahitaji yako: laptopu wati 65, ruta 10, feni 50. Jumla 125. Kwa saa sita ni wati-saa 750.

Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1200. Tumia asilimia 80, toa kinachopotea kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), unabaki na kama 850. Inatosha, na ziada kidogo. Betri ya asidi ya ukubwa uleule usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo utapata saa nne tu, na kwa joto la huku haidumu. Inveta chagua ya wimbi safi, wati 500. Zile za bei rahisi zinafanya feni ivume kama nyuki na chaja ichemke.

Betri na inveta zisikae dirisha linalotazama bahari. Upepo wa kusi, Juni mpaka Septemba, unaingiza chumvi ndani moja kwa moja. Laptopu isiyotumika ifungie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kiyoyozi kama kipo, kile kiboksi cha nje kioshwe kwa maji matamu kila wiki mbili, kwa bomba la presha ndogo, baada ya kuzima swichi kuu.

Dada_wa_Shehia

Makaratasi nitakuambia mimi, kwa kifupi.

Siku ya kwanza au ya pili mwenyeji wako akupeleke kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) yenu. Beba pasipoti, nakala yake, na mkataba wa nyumba. Si hisani, sheha anatakiwa kumjua kila anayeishi kwenye shehia yake, na barua yake utaihitaji baadaye kwa mambo mengi. Mkataba usainiwe mbele yake. Mwenye nyumba anayekwepa kwenda kwa sheha, usimpe pesa. Kodi ya miezi sita inajadilika. Toa mitatu, mitatu mingine baada ya kuona maji na paa, na kila malipo yawe na risiti.

Muhuri wa kuingia ni wa kutembea. Haukuruhusu kazi, hata ya kujitolea, hata siku moja ya kusaidia hoteli ya rafiki. Kazi yako ya mtandaoni nenda ukaulize Uhamiaji wenyewe kabla ya kusaini mwaka mzima, usiridhike na maneno ya baa. Tazama siku zilizoandikwa kwenye muhuri, na usisahau kadi ya homa ya manjano.

M-Pesa yako ya Safaricom wakala wa huku hawezi kukutolea pesa. Sajili laini ya Tanzania kwa pasipoti na alama za vidole, kisha ujitumie.

Kijijini funika mabega na magoti, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Hili halihitaji maelezo marefu.

Daladala ya Jambiani ni 309. Ukipanda 324 utafika Bwejuu.

Pwani_Mchanga

Hakuna aliyegusa bahari na jamaa atakuwa mita 80 nayo! Kule maji yakipwa yanaondoka mbali sana, unaweza kutembea kuelekea mwambani kwa miguu. Hatari iko kwenye kurudi. Maji yanajaa kwa kama saa sita, lakini si kwa mwendo sawa: saa ya kwanza kidogo tu, ya tatu na ya nne zinaleta nusu ya maji yote. Tena yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na ufuko. Yakianza tu kugeuka, geuka na wewe.

Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ni maji mafu. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Siku mbili za kukagua nyumba zipange ziangukie bamvua, uone maji yakijaa yanafika wapi kwenye ukuta.

Vaa viatu vya mpira, kuna yule mdudu mweusi wa miiba. Na zile kamba zilizofungwa kwenye vigingi ni mashamba ya mwani ya kina mama, yapo tangu 1989. Zunguka, usikanyage wala usipige picha bila kuomba.

FundiKoki

Kuhusu bamvua naunga mkono, na siku hiyohiyo pima kisima mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Namba zikipishana sana, kisima kimeshashikana na bahari na hakuna mota itakayokiponya.

Mkenya_wa_Kompyuta

Nimeangalia kalenda, mwezi mpevu ni wiki moja kabla ya tarehe zangu. Nabadilisha tiketi.